Mustangi wa BLM kwa Anayetaka Dume la Mbegu: Tathmini ya Huduma

Kwa dola 125 serikali ya Marekani inakukabidhi mustangi, yaani farasi aliyezaliwa nyikani, mwenye kwato ngumu na miguu ya kukanyaga mawe, akiwa amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo na amepimwa damu. Hakuna muuzaji binafsi atakayekupa bei hiyo kwa mnyama wa aina hiyo. Lakini ukienda kwenye mazizi ya serikali kutafuta dume asiyehasiwa, karibu kila mara utakachokuta ni maksai, yaani madume waliohasiwa. Watu wengi huligundua jambo hilo wakiwa wameshakodi trela na kuendesha gari kwa muda wa saa nane.

Kwa anayetaka farasi wa kupanda au wa kazi za shambani, huduma hii inastahili alama nne na nusu kati ya tano. Kwa anayetaka kuanzisha ukoo wa mustangi na kumiliki dume lake, alama ni tatu, na hizo zimepatikana kwa sababu ya majike.

Anayeiendesha huduma ni Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo kila mtu huiita BLM. Msingi wake ni sheria ya kuwalinda farasi na punda wa mwituni iliyotiwa saini na Rais Nixon tarehe 15 Desemba 1971, baada ya kampeni ndefu ya Velma Johnston wa Nevada na maelfu ya barua za watoto wa shule. Sheria hiyo iliwaokoa farasi wasiwindwe kwa magari na kuuzwa viwandani kuwa chakula cha mbwa. Leo tatizo limegeuka upande wa pili. BLM inakadiria kuwa ardhi yake katika majimbo 10 ya magharibi inaweza kubeba farasi na punda wapatao 25,500, na hesabu ya Machi 2024 ilizidi 73,000. Ofisi yenye wanyama karibu mara tatu ya uwezo wa malisho yake haina sababu ya kusambaza madume. Wanaokusanywa huhasiwa kabla ya kutolewa, isipokuwa mara chache kwa wale wachanga sana. Uamuzi huo ni sahihi, hata kama unamuumiza mfugaji.

Maombi yenyewe ni mepesi. Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, usiwe umewahi kutiwa hatiani kwa ukatili dhidi ya wanyama, na uwe na chakula, maji na zizi linalokubalika. Utaombwa uchore ramani ya zizi lako na uandike vipimo vyake. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo inafaa kuvieleza kwa kirefu.

Kila farasi anahitaji zizi lisilopungua futi za mraba 400, yaani futi 20 kwa 20. Kwa farasi mzima asiyefugwa bado, aliyezidi miezi 18, uzio uwe na urefu wa futi 6. Kwa mdogo kuliko huyo futi 5 zinatosha. Uzio uwe wa mabomba, magogo au mbao nene. Waya wa miiba haukubaliki kabisa. Waya laini nao, kwa wiki za mwanzo, ni hatari ileile kwa jina tofauti: farasi wa nyikani hajui waya ni nini, hauoni akiwa mbioni, na mguu ukipita katikati ya nyuzi mbili huvuta mpaka ngozi na mishipa vikatike. Kosa jingine la kawaida ni paneli za futi 5 zilizoongezwa ubao mmoja juu ili zifikie futi 6. Farasi akiruka, ubao huvunjika na kuacha ncha. Nunua paneli za futi 6 tangu mwanzo, uzifunge kwa minyororo kwenye viungo, na uhakikishe nafasi kati ya bomba la chini na ardhi si ya kupitisha kwato na kuinasa.

Trela iwe ya mifugo, yenye paa, kuta imara na mlango unaofunguka kwa pembeni. Ya ngazi ya kushusha nyuma huwa hairuhusiwi bila kibali maalumu, kwa kuwa ikishushwa huacha mianya pande mbili na farasi mwenye hofu hupita hapo. Hatamu ya kichwani na kamba ni vyako: hatamu ya nailoni iliyoshonwa mara mbili, na kamba ya pamba ya futi 20. Wafanyakazi wa BLM watamvisha kwenye kibanio, yaani kijia chembamba cha kumzuia farasi asisogee, kabla hajapakiwa. Kamba hiyo ndefu inayoburuzwa ndiyo itakayokuwezesha kumfikia siku za mwanzo bila kumkaribia kichwani. Kwa mtoto wa farasi kuna hatari usiyopaswa kuisahau. Fuvu hukua haraka, na hatamu iliyomkaa vizuri Januari huwa imemkata pua ifikapo Aprili. Kama huwezi kumgusa usoni ndani ya wiki chache, omba asivishwe.

Kumsoma farasi kabla ya kumchagua kunataka kuijua chapa ya baridi, alama inayopigwa kwa chuma kilichopozwa sana, iliyo upande wa kushoto wa shingo. Alama ya kwanza inaonyesha aliyemsajili ni serikali ya Marekani, zinazofuata, zilizopangwa moja juu ya nyingine, ni mwaka wa kuzaliwa, na zilizobaki ni namba yake ya usajili. Mwaka huo ni makadirio yaliyotokana na meno, kwa hiyo usishangae daktari wa mifugo akikupa jibu lililotofautiana kwa mwaka mmoja au miwili kwa farasi mkubwa. Kwa mtandao, picha na video za mnada wa BLM zinatosha kuonyesha mwendo na umbo, lakini hazionyeshi macho wala pumzi. Anayeweza kufika zizini mwenyewe afike, asimame nje ya uzio nusu saa, atazame ni yupi anayekuja kumchungulia na ni yupi anayejificha nyuma ya wenzake.

Baada ya kumchukua, farasi hubaki mali ya serikali kwa mwaka mzima. Humuuzi, humpi mtu, na akifa au akitoroka unatakiwa kuiarifu ofisi ndani ya siku 7. Mkaguzi anaweza kuja. Mwaka ukiisha, daktari au mtu mwingine anayekubalika anathibitisha kwamba mnyama anatunzwa vizuri, kisha hati ya umiliki inatoka, kwa wanyama wasiozidi wanne kwa mwaka. Wale waliozidi miaka 10, au waliowahi kunadiwa mara tatu bila kuchukuliwa, huuzwa moja kwa moja bila kungoja mwaka. Kuanzia 2019 kulikuwa pia na malipo ya dola 1,000 kwa kila farasi aliyeasiliwa, mpaka mahakama ya shirikisho huko Colorado ilipoufuta mpango huo Machi 2025. Ni heri ulivyofutwa. Pesa ile ilivuta watu ambao hawakuwa na haja ya farasi, na baadhi ya farasi wakaishia kwenye minada ambako wanunuzi wa machinjio huwa wanasubiri.

Sasa dume. Njia ya kwanza, na ya uhakika kuliko zote ndani ya huduma hii, ni jike mwenye mimba. Majike wanaokusanywa mwishoni mwa kiangazi au majira ya baridi mara nyingi wamebeba mimba, kwa kuwa kundi la nyikani huwa na dume wakati wote wa msimu wa kupandana. Mama ni wa serikali mpaka upate hati, lakini mtoto anayezaliwa zizini kwako baada ya wewe kumchukua mama ni wako tangu anaposimama. Akiwa dume, hakuna wa kukulazimisha kumhasi. Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi, na kati ya 320 na 365 bado ni kawaida, kwa hiyo jike aliyekusanywa Oktoba atazaa wakati wowote kati ya Machi na Julai. Jike asiyeguswa huwezi kumfanyia ultrasaundi bila kibanio. Daktari anaweza kupima homoni kwenye kinyesi ulichokiokota mwenyewe, na kipimo hicho huaminika zaidi mimba ikishapita miezi mitano.

Kasoro ya njia hii ni kwamba baba hajulikani. Kipimo cha DNA, mathalani cha maabara ya Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, kitakueleza mtoto anakaribiana na aina zipi za farasi na ana rangi gani za kurithi, lakini hakitakupa jina la baba. Unachokijua ni eneo la kundi, na kwa mustangi eneo lina maana kubwa. Farasi wa Milima ya Pryor, mpakani mwa Montana na Wyoming, ambako hifadhi yao ilitengwa 1968, na wale wa Sulphur huko Utah, wana urithi wa farasi wa kale wa Hispania kuliko makundi mengi ya Nevada, ambamo damu ya farasi wa wafugaji na wa jeshi imechanganyika kwa zaidi ya karne moja. Uliza eneo kabla hujauliza rangi.

Na uliza jambo la pili, ambalo wauza ndoto hawalitaji kamwe: je, jike huyu amewahi kudungwa dawa ya kuzuia mimba? BLM hutumia chanjo za PZP na GonaCon katika makundi kadhaa. Jike aliyepata dozi mbili za GonaCon anaweza kukaa miaka bila kushika mimba, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Majike waliodungwa na kurudishwa nyikani mara nyingi huwekewa chapa ya ziada pajani ili watambulike. Ukiona chapa pajani, omba kumbukumbu zake kwa namba ya shingoni kabla hujalipa. Jike huyo atakuwa farasi mzuri wa kupanda. Kwa mfugaji ni miaka iliyopotea.

Njia ya pili iko nje ya BLM: kununua dume aliyezalishwa nyumbani kutoka kwenye koo zilizosajiliwa. Daftari la mustangi wa Kihispania lilianzishwa 1957 na Robert Brislawn wa Wyoming, miaka 14 kabla ya sheria, na lina koo zenye kumbukumbu za vizazi vingi. Kiger nao, farasi wa rangi ya vumbi wenye mstari mweusi mgongoni na milia miguuni, waligunduliwa Beatys Butte, Oregon, mwaka 1977, wakatengewa maeneo mawili karibu na Burns: Kiger na Riddle Mountain. Wafugaji wao wana madaftari yanayopokea watoto waliozaliwa mashambani. Bei haitakuwa dola 125. Lakini utamwona baba, utamwona mama, na utawashika miguu.

Hapa neno kwa wenye ndoto ya kumpeleka mustangi nyumbani, Kenya au Tanzania. Kabla ya hati ya umiliki haiwezekani. Baada yake kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga. Mustangi hana hata tone la kinga hiyo. Mwacheni kwao.

Upande dhaifu kabisa wa huduma ni afya katika mazizi ya kukusanyia. Farasi mamia wa maeneo mbalimbali hukaa pamoja, wakiwa na msongo, wakila nyasi kavu kwa mara ya kwanza. Kuanzia Aprili 2022 katika zizi la Cañon City, Colorado, mafua ya farasi yaliua zaidi ya wanyama 140, wengi wao wa kundi la West Douglas ambao hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Cheti cha chanjo utakachopewa ni cha kweli, ila chanjo inahitaji siku za kufanya kazi. Mtenge farasi mpya wiki tatu, pua na pua zisigusane na za wengine, ndoo yake isichanganywe, na umtazame chini ya taya. Uvimbe unaoumiza hapo pamoja na usaha puani ni dalili ya ugonjwa wa matezi, na zizi lililouingiza huwa na kazi ya miezi.

Chakula cha mwanzo ni nyasi kavu za kawaida, kilo moja na nusu hadi mbili kwa kila kilo 100 za uzito wake, pamoja na chumvi na maji yasiyokauka. Usimwage nafaka, wala lusini nyingi. Mwili wa mustangi umezoea kupata kidogo kutoka kwenye eneo kubwa. Ukimpa kingi kwenye eneo dogo, kwato huvimba ndani na ule uimara uliomnunulia unaisha kwa msimu mmoja.

Mtoto wako wa kiume akishapatikana, malezi ndiyo yatakayoamua kama utakuwa na dume au mzigo. Mwache na mama miezi 5 hadi 6. Baada ya hapo mweke na maksai mzee mwenye subira, wala si peke yake. Dume aliyekulia peke yake, au aliyenyweshwa chupa na binadamu, hajui mpaka wa mwili wa mwenzake. Atamng'ata mtu kwa mchezo uleule ambao farasi mzee angeumaliza kwa teke moja. Mtenge na dada zake na mama yake kabla hajafikisha mwaka, kwa maana wengine hupandisha wakiwa na miezi 12 hadi 15. Zizi la dume mzima liwe na uzio wa futi 6 na ujia wa mita 3 hivi kati yake na uzio wa farasi wengine. Majeraha mengi ya madume hutokea wakipigana juu ya uzio mmoja.

Kabla ya kumpandisha kwa mara ya kwanza, fanya vipimo vitatu. Kwanza damu, kwa ajili ya upungufu wa damu wa kuambukiza na virusi vya mishipa viitwavyo EVA. Dume aliyeambukizwa EVA anaweza kutoa virusi kwenye mbegu kwa miaka huku akionekana mzima kabisa. Mpime kabla ya kumchanja, kwa sababu baada ya chanjo kipimo hakitofautishi tena. Pili sampuli iliyopanguswa kwenye uume, kwa bakteria za zinaa. Tatu jeni, hasa kama ana mabaka meupe ya aina ya frame: wazazi wawili wenye jeni hiyo wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mweupe asiye na matumbo yanayofanya kazi, na huyo hufa ndani ya siku chache. Hakuna rangi inayostahili gharama hiyo.

Jike huingia kwenye joto kila siku 21 hivi kuanzia masika, akikaa humo siku 5 hadi 7, na yai hutoka siku moja au mbili kabla joto halijaisha. Kwa upandishaji wa mkono, yaani dume na jike wakiwa wameshikwa na watu, mlete dume siku ya tatu na urudie kila baada ya siku moja mpaka jike amkatae. Kwa malisho ya wazi, vua viatu vya nyuma vya majike, toa nafasi ya kutosha ya kukimbia, na dume wa miaka miwili asipewe zaidi ya majike kumi. Homa ni adui asiyeonekana: mbegu huchukua karibu siku 57 kutengenezwa, hivyo dume aliyeugua Machi anaweza kukosa kushikisha mimba hadi Mei bila dalili yoyote. Ukiwa unasafirisha mbegu zilizopozwa, kila dozi iondoke na mbegu hai zinazokwenda mbele zisizopungua bilioni 1, ikae nyuzi 4 hadi 6, na itumike ndani ya saa 48. Mbegu zikipozwa kwa ghafla hufa. Ndiyo maana barafu ya dukani kwenye kiboksi cha kawaida haifai hata ukifunga vizuri namna gani.

Mama apewe chanjo ya virusi vya kuharibu mimba mwezi wa 5, wa 7 na wa 9, na siku 60 hadi 90 za mwisho aondolewe kwenye malisho ya nyasi za feskyu zenye ukungu, kwa kuwa hukausha maziwa na kunenepesha kondo. Kuzaa kwenyewe ni dakika 20 hadi 30. Ukiona mfuko mwekundu kama mahameli unatangulia badala ya ule mweupe unaong'aa, upasue hapohapo na umvute mtoto. Kondo limeshaachana na mama, na mtoto hapati hewa. Ukiwa bado huwezi kumgusa mama huyo, simama nje na simu ya daktari mkononi.

Mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo litoke ndani ya saa 3. Kati ya saa 18 na 24 daktari achukue damu kupima kinga aliyoipata kwenye dang'a: ikizidi miligramu 800 kwa desilita ni salama, ikiwa chini ya 400 anahitaji plazma siku hiyohiyo. Na akiwa dume ambaye huna zizi la futi 6, ujia wa pembeni na mteja wa watoto wake, mhasi akiwa na mwaka mmoja, majira ya baridi kabla ya nzi.